Kamera Ikitokea, Watu Hukonda

Kwetu kamera ikitokea, watu hukonda. Sio mzaha. Unaweza kumkuta mtu amekaa zake nje ya duka, mashavu yamejaa, anacheka na wenzake mpaka anajipiga goti, lakini ukitoa tu kamera mashavu yanarudi ndani, mabega yanashuka, na macho yanaenda mbali, kama ya mtu anayengoja mvua ambayo ameshaambiwa haiji. Hakuna aliyewafundisha. Ni kama kifaranga anavyojua kivuli cha mwewe, isipokuwa mwewe wetu huwa anakuja na unga.

Sababu inajulikana. Kwa miaka mingi waliokuja huku na kamera walikuwa ni watu wa shirika. Kamera ilitangulia, na nyuma yake kukafuata tangi la maji, mbegu, ama mbuzi wa maziwa. Aliyeonekana ana shida, alipata. Kuna mzee jirani yetu ambaye siku walipokuja alivaa shati jipya na akawapokea kwa kicheko, kwa sababu alifikiri wageni huheshimiwa hivyo. Walimpita. Mpaka leo anateka maji kwa punda, na mzazi akitaka kumfunza mtoto adabu ya kamera, anamwonyesha yule mzee na punda wake.

Mimi nilianza kujifunza kupiga picha nikiwa kidato cha tatu, na haya yote sikuyafikiria. Nilianza kwa sababu ya aibu. Mimi ni msichana ambaye nikitumwa dukani nikute watu wamesimama hapo, nazunguka nyuma ya duka ningoje waishe. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, natazama dawati mpaka ampe mtu mwingine. Sasa mjomba wangu ana studio ndogo kule Malili, na aliponunua kamera mpya akanipa ile ya zamani, yenye ufa kwenye kioo. Nikaona nimeokoka. Mtu aliye nyuma ya kamera si huwa haongeleshwi? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Mimi hesabu nazikosea sana, lakini hiyo ndiyo niliikosea vibaya zaidi.

Nilichotaka kupiga ni watu wa barabarani na sokoni, wakiwa katika mambo yao. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu ya mjomba. Mwalimu wa hizo video alikuwa mtu wa nchi ya mbali, anaongea kwa kunong'ona, anatembea katika mji wenye mvua na miavuli. "Tafuta dimbwi," anasema, "ungoje mtu apite, upige kivuli chake majini." Nilitazama nje. Ilikuwa mwezi wa nane, Malili. Nje kulikuwa na vumbi, lori lililoharibika, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula karatasi ya mkate kwa utaratibu kabisa.

Mjomba naye alicheka mpaka akaweka chai chini. Yeye ni wa shule nyingine. Studio yake ina pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, na msumarini kuna koti moja jeusi na tai ambayo haijawahi kufunguliwa, inavuliwa tu kwa kichwa. Kila anayetaka picha ya pasipoti analivaa hilo koti. Ukizipanga picha zake zote ukutani, utafikiri watu wa Malili wote ni ndugu wa baba mmoja na fundi mmoja.

"Picha ni kidevu juu, mikono magotini, tazama hapa," aliniambia. "Hiyo yenu ya kuvizia watu ni ya wawindaji."

"Lakini mjomba, mtu akijua anapigwa anabadilika."

"Si ndio vizuri? Mtu hajui kubadilika mwenyewe. Ndio maana wananilipa."

Hata hivyo alinifunza. Alinionyesha vile kamera inaweza kukaa kifuani na bado ikapiga, vile ya kuuzima ule mlio wake, na vile ya kutazama jua liko upande gani kabla sijatazama mtu. Mwishoni akanipa sheria moja, na hii aliisema bila kucheka: "Ukipiga mtu na hakujua, mwendee umwonyeshe. Akikataa, futa mbele yake, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Uso ni wake, si wako."

Mwendee umwonyeshe! Yaani nilikimbilia kamera ndiyo nisiongee na watu, na sheria ya kwanza ya kamera ikawa ni kuongea na watu.

Nilijaribu siku hiyo hiyo. Nilimpiga kijana anayeziba pancha kando ya barabara kuu, amelala kifudifudi juu ya gurudumu la lori kama mtoto mgongoni. Ilikuwa picha nzuri. Nilisimama hapo mpaka miguu ikachoka, nikitafuta neno la kuanzia. Mwishowe yeye ndiye aliinua kichwa.

"Mrembo, umepotea?"

Nikamnyooshea kamera. Aliitazama, akajitazama, akakunja uso. "Sasa hapa sura yangu iko wapi? Hapa umepiga matako na gurudumu." Akainuka, akapangusa mikono, akasimama wima mbele ya lori la mtu, mkono kiunoni. "Piga hapa. Na namba ya gari ionekane." Nikapiga. Nikafuta ile nzuri. Akaridhika.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa najifunza, na ningeendelea hivyo polepole kama si mambo ya kanisa.

Kanisa la susu, yaani nyanya yangu ninayeishi kwake, huko karibu na Kathonzweni, lilikuwa limepata paa jipya. Kamati ikaamua kwamba siku ya kulifungua, ukutani kuwekwe bango kubwa lenye picha za akina mama waliobeba mawe na maji wakati kanisa linajengwa. Susu ni mmoja wao. Kila mama aliambiwa alete picha yake, na bango likishawekwa halitolewi tena.

Susu alikuwa na picha mbili pekee zinazofaa kuitwa picha. Moja ni ya kitambulisho, ambapo anaonekana kama amekamatwa. Ya pili ni ile ya kalenda.

Hiyo ya kalenda lazima niieleze. Zamani, kabla sijazaliwa, susu alikuwa anatoka kwenye arusi ya mpwa wake huko Zombe. Alifika nyumbani ameshiba wali, viatu vyake vya kisigino viko mkobani, akakuta wageni wa shirika wamekaa chini ya kivuli wakimngoja. Walimwomba aketi jikoni karibu na sufuria tupu. Sufuria yenye chakula ilisogezwa pembeni. Fahali wake alikuwa akiingia ndani ya picha, na kila akiingia kijana wa shirika anamfukuza, kwa sababu fahali yule alikuwa mnono na alikuwa anaharibu njaa. Basi susu akatazama mbali, wakapiga. Mwaka uliofuata akatokea kwenye kalenda, mwezi wa tatu, macho makubwa, na tangi jeusi la maji likaletwa nyumbani. Tangi mpaka leo liko na halijawahi kuvuja.

"Tangi nalipenda," susu husema. "Sura ndiyo siipendi."

Mama wa kamati alikuwa ameshaipigia hesabu. Alikuja nyumbani, akaitazama kalenda pale ukutani, akasema, "Si hii iko sawa tu, mwaitu, mama yangu. Tena ni kubwa, haitasumbua kuchapisha."

Susu alingoja aondoke. Kisha akanigeukia. "Yaani nikae kwenye ukuta wa kanisa na njaa mpaka Yesu arudi? Na siku hiyo nilikuwa nimekula nyama?" "Wewe si ndiye unajifunza kamera? Nitolee hiyo njaa."

Siku ya picha alivaa nguo ya Jumapili, akajifunga kitambaa kichwani, akaweka kiti nje kando ya maua. Mpaka hapo alikuwa susu yule ninayemjua, anatukana kuku, anauliza kama chai imechemka. Nikainua kamera, na njaa ikaja. Ilikuja pale pale, juu ya ile nguo ya maua ya zambarau, kama kivuli cha wingu kinachopita shambani. Hata shingo ilirefuka.

"Susu, cheka."

Akacheka. Akawa mtu mwenye njaa ambaye amesimuliwa jambo la kuchekesha.

"Umepata?"

Nikamwonyesha. Akaishika kamera kwa mikono miwili. "Asi! Ni yeye tena," akasema, kama amemkuta mwizi wa mahindi. "Mimi sijamwita. Anakuja mwenyewe."

Nilimpigia mjomba simu. Yeye ni mwanawe, anamjua. "Mimi nilishindwa," akakiri. "Hata kwenye arusi yangu, picha zote mama yuko pale mezani mbele ya pilau kama amekuja kuomba unga. Watu wa bibi yangu walitukalia kikao." Akanipa mbinu yake: hesabu moja, mbili, tatu, lakini upige kwenye mbili, kabla mtu hajajiandaa. Nikafanya hivyo. Kwa watu wengine hiyo mbinu hufaulu. Kwa susu, njaa ilifika kwenye moja.

Nikajaribu kumvizia. Nilijificha nyuma ya ghala akiwa anapepeta ndengu, upepo mzuri, makapi yanaruka kama wadudu wa dhahabu. Sikuwa nimezima ule mlio. Kamera ikalia ta! na susu, bila hata kugeuka, akauliza, "Umepiga?" Na alipogeuka alikuwa ameshakonda.

Siku zilikuwa zinaisha. Mama wa kamati akatuma ujumbe kwamba Jumatatu wanapeleka picha kwa wachapishaji, na kama hakuna nyingine, ataitumia tu ile ya mwezi wa tatu. Siku hiyo susu aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Hapo ndipo nilijua hayakuwa mambo ya urembo. Mtu amebeba mawe kichwani toka mtoni, halafu watoto wa watoto wake waje wamwone pale ukutani na waseme, huyu ni yule aliyesaidiwa.

"Mtu husahau kamera akiwa anauza kitu," mjomba aliniambia mara ya mwisho. "Ama akiwa anagombana. Susu yako akifanya yote mawili kwa pamoja, hata ukimpiga na tochi hataona."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Kathonzweni, na tulikuwa tunapeleka ndengu.

Nilivaa kamera kifuani, mlio nimeuzima, na sweta ya shule juu yake imefunguliwa vifungo. Nilifikiri sionekani. Tulipofika susu akaenda moja kwa moja kwa broka wa ndengu, mtu mmoja mnene mwenye mizani na kipara kinachong'aa, ambaye wanagombana kila msimu. Mimi nikasimama mbele kidogo, kando ya rundo la mitungi ya plastiki, jua likiwa mgongoni.

Kitu ambacho sikuhesabu ni wale watu wengine.

Mama mmoja muuza nyanya aliiona lenzi. Aliweka soda yake chini ya meza. Jirani yake akamwona akiificha soda, akatazama huku na huku, akaniona, akamvua mtoto wake kofia mpya. Mzee mmoja alivua koti lake zuri akamkabidhi bibi yake, na bibi akalikalia. Ndani ya muda mfupi kipande kizima cha soko kilikuwa kimekonda.

"Ni wa shirika gani?" nikasikia mtu akinong'ona.

"Hajasema."

"Si mtoto tu huyu? Hata amevaa sweta ya shule."

"Siku hizi wanatuma watoto. Watoto hawahongeki."

Mama wa nyanya akanisogelea, kitambulisho kikiwa mkononi. "Mwalimu, mnaandikisha hapa ama kwa chifu?"

Nilifungua mdomo niseme mimi si mtu wa kitu chochote, mimi ni mjukuu wa yule pale anayepiga kelele. Nikatikisa kichwa tu. Mama akageukia wenzake: "Anasema tungoje." Na wengine wakakubaliana kwamba hao ndio wale wenyewe, maana wa shirika hawaongeagi, wanakutazama tu. Wakajipanga. Foleni ilianzia kwenye meza ya nyanya ikapita nyuma ya susu na broka, nyuso zote zimenielekea, na kila uso ni mwezi wa tatu.

Nilitaka kutoroka. Naapa mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Lakini wakati huo broka alikuwa ameingiza mkono kwenye gunia letu.

"Mwaitu, hizi ndengu zako ziko na mchanga."

"Mchanga?" Susu alichota konzi moja, akapuliza, akamwekea chini ya pua. "Uko wapi? Nionyeshe mchanga."

"Si ni kwa vile mvua mmeikosa, hata ndengu yenyewe ni ndogo. Huko kwenu hakumei kitu."

Susu alirudi nyuma hatua moja. Alikitazama kile kipara kuanzia mbele mpaka nyuma, polepole, kama mtu anayekagua shamba kabla ya kulinunua.

"Hakumei?" akasema. "Sasa hicho kichwa kimenyeshewa miaka yote hii, mvua ndefu na mvua fupi, na wewe unanifundisha habari ya kumea?"

Wapakiaji wa magunia walilia kwa kucheka. Broka mwenyewe alijishika kipara kwa mikono miwili na akainama kwa kicheko, na susu, aliyekuwa amejikaza aonekane na hasira, akashindwa. Alirusha kichwa nyuma, mdomo wazi, pengo la jino nje, kitambaa kimeteleza, ndengu zinamtoka kati ya vidole. Mkono wangu ulipiga. Mimi sikuamua. Nilisikia tu kidole kimeshuka.

Nilipoitazama picha nyuma ya mitungi, ilikuwa imelala upande. Kona moja ilikuwa na nusu ya kipara cha broka. Katikati, susu anacheka kama mtu anayemiliki soko. Na nyuma yake, safu nzima ya watu wa Kathonzweni wanatazama lenzi kwa njaa isiyo na mfano, mmoja wao akiwa na kitambulisho. Katika soko lile lote susu peke yake ndiye hakujua kuna kamera.

Ikabaki sheria ya mjomba. Tulikaa chini ya kivuli cha banda, magunia yameshauzwa, nikampa kamera. Aliitazama mpaka kioo kikazimika, akanirudishia niiwashe, akaitazama tena. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha kufuta. Angesema futa, ningefuta, na Jumatatu ingekuwa ni kalenda.

"Pengo," akasema.

"Ndio, susu."

"Na kitambaa kimetoka." Akaisogeza karibu na macho. "Na hawa nyuma wana nini? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Ya soda, ya koti lililokaliwa, ya mwalimu unaandikisha wapi. Nilieleza yote, nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeongea hivyo bila kutazama chini. Susu alicheka tena mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa.

"Peleka," akasema. "Huyu namjua."

Mjomba ndiye alipaswa kuitengeneza. Aliikata wale watu wa foleni wakatoka, wamshukuru. Alipotaka kuliziba jino kwa kompyuta na kumweka susu kwenye maporomoko ya maji, susu alikataa kwa simu, kwa sauti iliyosikika bila simu. Maji hayo hajawahi kuyateka. Na jino, watu wa kanisa wote wanajua haliko, wataanza kuuliza amepata wapi pesa ya meno na mchango wa paa hajamaliza. Kamati nayo ilinung'unika. Mama wa kamati alisema mdomo wazi si heshima, na kwamba pembeni kuna kitu cha mviringo hakieleweki. Lakini wachapishaji walikuwa wanangoja, na kalenda, kwa bahati tu, ilikuwa imepotea ukutani kwetu na hakuna aliyejua iko wapi.

Jumapili ile paa jipya lilikuwa linalia kwa joto, na bango lilikuwa pale mbele. Akina mama wote walikuwa wamesimama wima, wamefunga midomo. Nilipotazama vizuri nikaona wengi wao wamekonda. Picha zao nazo zilikuwa za siku zile zile za kamera, kila mmoja na tangi lake. Katikati yao susu anacheka, na pembeni mwake kipande cha kichwa cha broka kinang'aa. Broka alikuwa kwenye benchi la nyuma. Baada ya ibada alimwambia kila mtu kwamba wengine wanaingia kanisani kwa imani, yeye ameingia kwa kichwa.

Wale akina mama wakaja kwangu, nje, wakiwa wameshikana mikono. "Mtoto wetu," mmoja akaanza, "na sisi tungetaka tupigwe vile. Bila ile kitu." Hakuitaja. Wakajipanga kwenye ukuta wa kanisa wakitabasamu. Nikainua kamera. Wakakonda wote, kutoka kulia kwenda kushoto.

Nikasikia viatu vya kisigino nyuma yangu. Vile vya Zombe.

"Wewe shika kamera," susu akaniambia. "Maneno ni yangu." Akamtazama wa kwanza, rafiki yake wa tangu ubatizo, akashika kiuno. "Wewe, hata mbuzi wako alihama kwenu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga..."

Yule mama aliruka. Nikapiga.

Jioni, nikitandika kitanda chake, niliikuta kalenda chini ya godoro, imekunjwa vizuri kwenye karatasi ya nailoni. Nikauliza kama niitupe jikoni, iwashie moto.

"Wee!" susu akasema. "Rudisha hapo. Tangi likipasuka tutaihitaji."